Sindano Kwanza, Flex Baadaye

Msee wa Mudaka, huku Kabare, South Kivu, anajua kukagua dola. Mpe noti ya 20 pale sokoni. Anaiinua juani, anapitisha kidole ukingoni, anatafuta kampasuko ka milimita moja. Akikapata, noti inarudi kwako pamoja na jicho. Alama ya wino? Inarudi. Pembe imeliwa? Inarudi. Sasa huyo huyo msee anafika kejani jioni, anawasha ampli ya mzae, anaweka santuri ya Franco na kushusha sindano ambayo hajawahi kuiangalia tangu azaliwe. Hakuna kuinua juani. Hakuna kidole. Sindano imepinda, imechakaa, imebeba uchafu wa miaka, na yeye anasema, "Hii santuri imeisha."

Santuri haijaisha, buda. Ni hiyo sindano inaimaliza.

Tuelewane mapema. Hii stori si ya masonko. Ni ya msee ana dola 40 hivi, pleya ya kurithi, na wazae kibao wanaomwambia anapoteza doo. Wazae tutawafikia.

Vinyl iko juu saa hii. Nenda Nairobi, ingia Kenyatta Market, pita wasusi, pita moshi wa nyama choma, tafuta kibanda namba 570. Hapo ndo James Rugami, wasee wanamwita Jimmy, ameuza santuri zaidi ya miaka 30, hata ile time kila mtu alikuwa anazitupa ndio anunue kaseti, halafu anatupa kaseti ndio anunue CD. Watu wanatoka ng'ambo kumtafuta. Na wanachimba nini kwa zile rafu? Ngoma zetu. Franco na OK Jazz, bendi ya 1956. Super Mazembe, machali wa Kongo walioingia Nairobi miaka ya 70 na kuimba Kiswahili hadi Kenya nzima ikawabeba. Les Mangelepa. Samba Mapangala na Virunga. Desemba 2021 UNESCO nayo ikaandika rumba ya Kongo zote mbili kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni. Dunia nzima inalipia sahani ambazo huku Kabare ziko chini ya kitanda, zimelaliwa na gunia la maharagwe.

So sisi santuri tunazo. Shida yetu ni kitu kidogo kuliko kiberiti, kimekaa kwenye ncha ya mkono wa pleya. Katriji. Huku kwetu wengi wanaita yote "saphir" na wanamalizia hapo.

Rada ya katriji ni hii. Kwenye ncha kuna kajiwe ka almasi. Kajiwe kamebebwa na kijiti chembamba cha alumini, kijiti kimekaa kwa raba, na nyuma ya kijiti kuna sumaku. Mfereji wa santuri unatikisa almasi, almasi inatikisa kijiti, sumaku inacheza katikati ya koili, moja ya kushoto na moja ya kulia, na umeme unazaliwa. Umeme wenyewe ni kidogo sana, milivolti 3 hadi 5. Ndio maana ampli lazima iwe na mlango umeandikwa PHONO. Wakati wa kukata santuri, besi inapunguzwa na zile sauti za juu zinaongezwa makusudi, kanuni moja ya tangu 1954 inaitwa RIAA, halafu PHONO inarudisha kila kitu mahali pake. Ukichomeka kwa AUX unapata gitaa jembamba, besi imehepa, na unaanza kulaumu bafle. Ampli nyingi za Kijapani za miaka ya 70 na 80, Sansui, Pioneer, JVC, zina huo mlango tayari. Cheki mgongo wa ampli ya mzae kabla hujanunua kisanduku chochote cha PHONO.

Aina hiyo ya katriji inaitwa MM, sumaku ndiyo inatembea. Tamu yake ni moja: sindano inachomoka kwa vidole na unachomeka ingine. Iko pia MC, ambapo koili ndizo zinatembea. Bei zake nyingi ni za mtu ana jenereta mbili, na sindano ikiisha, mara nyingi katriji nzima inarudi kiwandani. Sare hiyo. Sisi ni wa MM.

Sasa wazae. Kila boma lina mmoja mwenye dawa ya santuri inayoruka. Anaingiza mkono mfukoni, anatoa sarafu ya makuta ya enzi za Mobutu, anaiweka juu ya kichwa cha mkono. Ngoma inaacha kuruka. Mzae anajiona injinia wa Philips. Maze! Hiyo sarafu ilikufa hata kabla faranga irudi 1998, kazi pekee imebaki nayo ni kuua rumba. Sindano imeundwa kubeba gramu 2, yeye anaipandishia sarafu nzima. Ile kuruka ilikuwa na sababu: uchafu, uzito haukupangwa, au sindano imekufa. Sarafu haitibu hata moja. Inakandamiza tu almasi iliyochakaa ndani ya mfereji hadi ichonge ukuta, na kile kilichochongwa ni sauti. Kikitoka, hakirudi.

Mzae wa pili ni noma zaidi. Huyu ana "saphir original", ameifunga kwa soksi tangu Zaire. Haijatumika, iko ndani ya plastiki yake, anakuuzia dola 30 na hadithi juu. Stori za jaba. Ile raba inayoshika kijiti inazeeka hata ikiwa kabatini, inakauka, inakuwa ngumu, na sindano inakosa kufuata mfereji. Na kama kweli ni jiwe la saphir na si almasi, basi inaisha haraka mara nyingi zaidi. Mpe mzae heshima yake, mpe chai, halafu beba santuri zake na uiache soksi hapo.

Ushamba mkubwa lakini si wa wazae. Ni wetu. Ni kale kasanduku ka pinki ka kuchezea santuri, kako na bluetooth, kako na bafle mbili ndani, madem na machali wanapiga nako picha. Cheki chini ya mkono: katriji ya seramiki, sindano ya plastiki nyekundu, inakandamiza gramu 5 hivi, na hakuna mahali pa kurekebisha uzito. Haiapgrediki. Kwa bei ya hako kasanduku unapata katriji kali ya kuweka kwa pleya ya mzae, ile nzito, ile ina kizani cha kusawazisha uzito nyuma ya mkono. Mkono wenye kizani ndio mali. Ukiuona kwa nyumba ya mtu, anza kuwa mpole kwa huyo mtu.

Bei sasa. Kwanza jua uko na nini, soma jina mbele ya katriji. Pleya nyingi za bei ya chini zinakuja na Audio-Technica AT3600L. Hiyo inapenda gramu 2.5 hadi 3.5, haichagui sana mkono, na sindano yake mpya ni ya bei rahisi. Hiyo ndiyo apgredi ya kwanza, na wasee wengi wangefaa kuishia hapo. Badilisha sindano, pima uzito, safisha santuri. Tofauti utaiskia kwa chumba cha pili.

Ukiwa na kitu kidogo zaidi, familia ya kuangalia ni AT-VM95, ilitoka 2018. Hii naipenda na sifichi. Mwili ni mmoja, sindano ziko sita, zote zinaingiliana. Unaanza na C, ya ncha ya mviringo, kati ya dola 35 na 50. E, ya ncha ya duaradufu, iko kati ya 50 na 80. ML inakaribia 200. Kampuni inasema C inacheza masaa 500, E masaa 300, ML masaa 1,000. Wasee wanaona ML wanaitisha maji. Lakini chukua bei ya sindano peke yake, gawa kwa masaa, tofauti kati ya E na ML inapotea karibu yote. Shida ni kuwa na hizo doo zote siku moja. Kwa hivyo mimi nasema hivi: chukua C au E leo, mwili ubaki, siku ukiomoka unachomeka sindano ya ML kwa mwili ule ule. Na kama santuri zako ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizopitia baa, harusi na sarafu ya mzae, C inazivumilia poa. Ncha ya ML inaingia chini zaidi kwa mfereji, wakati mwingine inapata ukuta ambao sindano za zamani hazikuugusa na ngoma inafufuka, wakati mwingine inakusomea kila mkwaruzo.

Chunga kitu kimoja: sindano za VM95 haziingii kwa mwili wa AT95 ya zamani. Majina yanafanana, plagi hazifanani. Usiingizwe box.

Ortofon 2M Red? Kitu safi, Wadenmaki, karibu dola 100. Hiyo ni flex, na ni flex ya halali, kwa sababu sindano ya Blue inaingia kwa mwili huo huo. Shure? Waliacha kutengeneza katriji 2018. Msee akikuambia ana M44-7 mpya kutoka kiwandani, mwangalie vile unaangalia dola. Kama uko na mwili wa zamani wa Shure unaofanya kazi, Jico wa Japani wanatengeneza sindano zake. Na kama mjomba alikuachia Technics SL-1200, ile deki ya 1972 ambayo madijei wa dunia nzima waliiabudu, usiiuze hata shida ikupige vipi.

Kuleta mzigo ni kazi yake. Uwanja wa ndege wa Kavumu uko hapo mbele ya barabara lakini tangu vita vifike Februari 2025 usihesabu ndege. Mzigo unapitia Kigali, unavuka Ruzizi, au unakuja na cousin kutoka Nairobi ama Brussels. Katriji inaingia mfuko wa koti. Mwambie cousin aache viatu safari hii moja.

Lakini kabla hujatuma doo popote, jua kama katriji yako imekufa kweli. Mob hazijakufa. Bafle moja iko kimya, msee anatangaza matanga. Tulia. Nyuma ya katriji kuna pini nne na waya nne. Nyeupe na buluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Zima ampli. Chomoa kwa koleo ndogo, weka waya za kushoto kwa pini za kulia na za kulia kwa pini za kushoto. Washa, cheza. Kimya kikihama bafle, shida iko kwa katriji. Kimya kikibaki pale pale, katriji iko fiti, tafuta kwa waya, kwa mkono, au kwa ampli. Dakika tano, bure, na umeokoa dola 40.

Na mara nyingi ni kutu tu. Hewa ya ziwa, miaka mingi, zile pini za kichwa zimevaa koti la kijivu. Futa na kifutio cha penseli, polepole, halafu pamba yenye spiriti. Sauti inarudi. Mzae anasema ni Mungu.

Hapa ndo unahitaji fundi wa simu, msee mwenye meza pale sokoni, si fundi redio wa zamani anayeanza kila kazi kwa kukemea kizazi chetu. Fundi wa simu ana lenzi, ana koleo ya ncha kali, ana alkoholi ya kusafisha bodi, ana multimeta. Weka lenzi, angalia sindano kutoka mbele. Kijiti kinafaa kusimama katikati, hakijalala upande. Tumbo la katriji likigusa santuri, raba imekufa. Kijiti kimepinda kidogo? Wengine wananyoosha. Alumini ikishapinda mara moja inakatika kirahisi, kwa hivyo kwangu hiyo ni sindano mpya, mwisho. Halafu multimeta, pini mbili za upande mmoja kwa wakati, santuri haichezi: MM nzima inaonyesha ohmu mia kadhaa hadi elfu moja na kitu, na pande mbili zinakaribiana. Upande mmoja usiposoma kabisa, koili imekatika, na hapo ndo unaweza kulia. Kitu kimoja mkataze fundi: asichome risasi moja kwa moja kwenye pini za katriji. Joto linapita ndani na kuyeyusha kazi. Anachoma kwenye waya, waya zikiwa zimechomolewa.

Kusafisha sindano ni brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, upande ule santuri inaelekea. Usisugue kushoto kulia. Usipulize na mdomo, mate ni maji. Na usitumie kidole, hiyo ni tabia ya wale wa sarafu.

Sasa sehemu tamu, na hapa South Kivu tunawashinda Wajapani. Uzito. Wasee wa Tokyo wananunua kamizani ka kupima sindano. Sisi tumezaliwa kwa dhahabu. Kuanzia Kamituga hadi madukani Bukavu, kila mnunuzi ana mizani ndogo ya dijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Jua mmoja, mpe soda, akuazime dakika kumi. Kwanza sawazisha mkono hadi uelee hewani wenyewe, hauendi chini, hauendi juu. Hapo ni sifuri. Halafu zungusha kizani hadi mizani isome namba ya katriji yako: gramu 2 kwa VM95E, 1.8 kwa 2M Red, 3 kwa 3600L. Ila katriji ina sumaku! Sahani ya mizani ikiwa ya chuma, inavutwa na namba inadanganya. Weka kipande cha mbao au plastiki kiinue sindano mbali na chuma, kwa urefu wa santuri, urudishe mizani sifuri, upime. Na usiogope namba kamili. Msee anapunguza uzito akidhani anaokoa santuri, kumbe sindano nyepesi inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta. Uzito mdogo kupita kiasi unaua pia.

Kupanga katriji isikae shingo upande ni karatasi moja. Iko michoro ya bure, unapeleka kwa sekretaria yeyote mjini anaprinti. Mwambie asilimia 100, asipunguze. Ukifika kejani pima mstari wa mchoro na rula. Ukikosea milimita moja, printi tena. Unaweka sindano kwa nukta, unazungusha katriji hadi ilingane na mistari kwa nukta zote mbili, unakaza skrubu polepole. Ngoma ya mwisho ya upande, ile iko karibu na lebo, ikiacha kukwaruza kwenye "s" za mwimbaji, umepata.

Stima nayo. Pleya nyingi za zamani zenye mkanda zina mota inayofuata hezi za umeme. Jenereta ya bei rahisi ikichoka, hezi zinashuka na Franco anaimba na usingizi. Pleya ya Marekani ya hezi 60 ukiileta kwa 50 inakuwa nzito hivyo hivyo kila siku, karibu asilimia 17, na volti 110 yake ukiichomeka kwa 220 unanuka moshi. Hiyo si katriji, usibadilishe sindano kutibu mota. Na mngurumo ukisikika chini ya ngoma, funga ule waya mwembamba wa ardhi kwa skrubu ya GND nyuma ya ampli. Watu wanaukata wakidhani ni wa ziada. Jo.

Halafu kuna santuri zile nzito. Nyeusi, zinavunjika zikianguka, zinazunguka mara 78 kwa dakika. Lebo ya Ngoma ilianza Léopoldville 1948, Loningisa ikafuata 1950, na kazi yao ya mwanzo ilitoka kwa sahani hizo. Kuna boma huku juu bado zinazo, chini kabisa ya rundo, zimefungwa kwa gazeti la Kifaransa. Usiziguse na sindano yako ya kawaida. Mfereji wa 78 ni mpana mara tatu au nne, ncha yako ndogo inazama chini kabisa kwenye takataka, unasikia mvua ya mchanga na unaumiza almasi. Zinataka sindano yake, na kwa familia ya VM95 inaitwa SP. Mwili ule ule. Unachomoa, unachomeka, unabadilisha uzito.

Hiyo SP ndiyo doo zangu zinaelekea saa hii, kabla ya ML, kabla ya Ortofon, kabla ya luku yoyote mpya. Msee yeyote wa Mudaka ama Miti mwenye bibi mwenye sahani za 78, asimruhusu mtu azicheze kwa sasa. Zisimamishe wima, zisilaliwe, zisikae chini ya mabati zikipikwa na jua. Sindano iko njiani na cousin. Ikifika, leta zako na ukuje na mizani.